Nani Yuko Motoni? Jehanamu, Huruma ya Mungu na Hukumu Zetu Msibani



Katika misiba yetu husikika kauli mbili. Akifa mlevi, mtu aliyeacha kusali kwa miaka mingi, au aliyejiua, wapo wanaonong'ona chini ya turubai: "Huyo moja kwa moja motoni." Akifa kiongozi wa kwaya au mfadhili wa ujenzi wa kanisa, tunasema kwa sauti: "Huyu tayari yuko mbinguni." Kauli hizi zinaonekana kupingana, lakini kosa lake ni moja: tumekalia kiti cha Hakimu. Na wakati tunanong'ona ile ya kwanza, mama wa marehemu amekaa kwenye mkeka, anasikia.

Basi tujifunze Kanisa linafundisha nini hasa.

1. Jehanamu ipo

Yesu mwenyewe alifundisha juu ya moto wa milele, na katika Mathayo 25:31-46 anaonesha hukumu yenye pande mbili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (KKK), namba 1035, inathibitisha kwamba jehanamu ipo na ni ya milele. Namba 1033 inaieleza kuwa ni hali ya mtu kujitenga mwenyewe na Mungu na wenye heri, kwa hiari yake na bila kurudi. Tena Mungu hampangii mtu yeyote kwenda huko (KKK 1037). Anayepotea hupotea kwa kumkataa Mungu kwa dhambi ya mauti na kudumu katika kukataa huko mpaka mwisho.

Lakini fundisho hili limeelekezwa kwa nani? Katika Luka 13:23-24 mtu mmoja alimwuliza Yesu kama watakaookolewa ni wachache. Yesu hakutaja idadi. Aliwaambia wajitahidi kuingia kwa mlango mwembamba. Swali lilihusu wengine, jibu likamrudia mwulizaji. Ndiyo maana KKK 1036 inasema fundisho la jehanamu ni mwito wa kuwajibika na kuongoka. Linatuhusu kwanza sisi tulio hai, si kipimo cha kumpimia aliyelala kwenye jeneza.

2. Kanisa halijamtaja mtu

Kanisa limewatangaza watakatifu wengi sana, baada ya uchunguzi mrefu. Upande wa pili, halijawahi kutangaza rasmi kwamba mtu fulani, kwa jina lake, yuko motoni. Hata kuhusu Yuda Iskariote, ambaye Yesu alisema juu yake maneno mazito (Mt 26:24), halijatoa tamko la namna hiyo. Na anapotengwa mtu na Kanisa, adhabu hiyo inalenga kumponya na kumrudisha. Si tangazo kwamba amepotea milele.

Kama Mama Kanisa, mwenye mamlaka ya kufunga na kufungua, amenyamaza hapo, sisi tunapata wapi ujasiri wa kusema?

3. Tunachoweza kukiona na tusichoweza

Ili dhambi iwe ya mauti yanahitajika mambo matatu: jambo lenyewe liwe zito, mtu awe na ufahamu kamili, na akubali kwa hiari kamili (KKK 1857). La kwanza tunaweza kuliona. Mengine mawili yamo moyoni, na moyo Mungu ndiye aujuaye. Hivyo KKK 1861 inatufundisha kwamba tunaweza kusema tendo fulani ni kosa zito, lakini mtu mwenyewe tumwachie Mungu, mwenye haki na huruma.

Tofauti hii ni muhimu. Kusema ulevi ni dhambi si kumhukumu mlevi. Kumwonya ndugu anayepotea ni wajibu (Mt 18:15), na kunyamaza kwa kuogopa lawama si huruma. Tunachokatazwa ni kutamka mwisho wake.

Tuchukue mfano wa kujiua. Kanisa linafundisha bila kuficha kwamba ni kinyume cha amri ya tano. Lakini linafundisha pia kwamba maradhi ya akili, uchungu mkali au hofu kubwa vinaweza kupunguza wajibu wa mtu (KKK 2282); na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, kwa sababu Mungu anaweza, kwa njia anazozijua yeye peke yake, kumpa nafasi ya kutubu (KKK 2283). Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni 1240, ziliwanyima maziko ya Kanisa waliojiua kwa kukusudia. Sheria za mwaka 1983, kanuni 1184, hazikuwataja tena. Tendo halijawa jema. Kanisa limekuwa na tahadhari zaidi katika kumsemea aliyekufa.

4. Je, basi wote wataokoka?

Hapana, hatuna ruhusa ya kufundisha hivyo kama jambo la uhakika. Mwaka 543 Sinodi ya Konstantinopoli ilikataa fundisho kwamba adhabu ya mashetani na ya waovu itakuwa na mwisho. Papa Benedikto XVI, katika waraka wake Spe Salvi wa mwaka 2007 (namba 45-46), anakiri kuwa wanaweza kuwapo watu walioua kabisa ndani yao hamu ya ukweli na upendo. Lakini anaona pia kwamba kwa walio wengi, chini ya uchafu mwingi wa dhambi, hubaki kiu fulani ya Mungu, nayo yahitaji kutakaswa.

Huruma ya Mungu haiondoi uhuru wetu. Anayetenda dhambi huku akisema, "Mungu ni mwema, atanisamehe tu," bila nia ya kutubu, anaichezea huruma hiyo (KKK 2092). Tuna tumaini, hatuna hati. Mungu anataka watu wote waokolewe (1 Tim 2:4), na Kanisa linasali ili asipotee hata mmoja (KKK 1058). Tumaini la namna hii halikai bure. Linapiga magoti.

5. Mfano wa Teresia

Mwaka 1887 huko Paris, Henri Pranzini alihukumiwa kifo kwa kuwaua wanawake wawili na msichana mmoja. Hakuonesha dalili ya toba. Binti wa miaka 14, ambaye leo tunamwita Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, aliamua kumwombea na akaomba Misa itolewe kwa nia hiyo. Aliamini Mungu atamsamehe hata isipoonekana ishara yoyote. Ila kwa faraja yake aliomba ishara moja. Pranzini aliuawa tarehe 31 Agosti. Teresia akasoma gazetini kwamba hakuungama, lakini dakika ya mwisho aliushika msalaba na kuubusu mara tatu. Alimwita mtoto wake wa kwanza.

Umati ulikuwa umekwisha kumhukumu. Binti mmoja, mbali naye, alikuwa akimwombea.

6. Tufanye nini msibani?

Kwanza, tuache kutangaza motoni. Pili, tuache pia kutangaza mbinguni. Mwongozo wa Misale ya Kiroma, namba 382, unataka homilia fupi katika Misa ya mazishi, si hotuba ya kumsifu marehemu. Tukimfanya mtakatifu siku ya maziko, tutaacha kumwombea, naye pengine yuko toharani akizihitaji sala zetu (2 Mak 12:43-46). Tatu, tutoe nia za Misa, sala na sadaka kwa marehemu wote, hasa wale ambao watu wanaona aibu kuwataja. Kwa mafrateri: siku moja mtasimama mbele ya yule mama. Msimwahidi msichokijua, wala msimnyang'anye tumaini ambalo Kanisa linampa. Mwambieni, "Mama, tunamwombea," na kweli mmwombee.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya

1. Je, yupo marehemu ambaye nimekwisha kumhukumu moyoni?
2. Nitatofautishaje kumwonya ndugu na kumhukumu?
3. Ningeitwa leo, ningekuwa tayari?