Safari Nne Hadi Frankfurt: Mafunzo ya Fundi wa Tovuti ya Tiketi

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitunza tovuti ya kukatia tiketi za mabasi yaendayo mikoani. Wateja wako Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Seva iko Frankfurt, kwa sababu huko ndiko mwenye kampuni alikopata bei nafuu alipoanza. Lalamiko la abiria lilikuwa lile lile: "Inazunguka tu." Wengi ofisini waliamini kinachoelemea ni lile kufuli, yaani HTTPS.

1. Umbali ndio unaochelewesha

Prosesa ya leo humaliza hesabu za kusimba data kwa milisekunde chache. Mwanga nao, ndani ya mkongo, husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi Frankfurt, hata ukinyoosha mstari juu ya ramani, ni karibu kilomita 7,000, kwa hiyo kwenda na kurudi hakuwezi kupungua milisekunde 70. Na mkongo haunyooki: unafuata bahari, unapinda, unapitia ruta moja hadi nyingine. Nilipopima kwa waya pale ofisini nilipata kama 160.

Sasa piga hesabu. TCP inadai safari moja ya kwenda na kurudi ili kufungua njia. TLS 1.2 inadai mbili za kukubaliana funguo. Ombi lenyewe, moja. Ni kama jirani aliyekuja kuomba chumvi, ila lazima kwanza aulize za asubuhi, za nyumbani na za watoto, na kila jibu lisubiriwe kutoka Ujerumani. Safari nne, milisekunde 640, na ukurasa bado mweupe. Programu ya curl ilinionyesha waziwazi: njia imefunguka kwenye sekunde 0.161, funguo zimekubaliwa 0.487, data ya kwanza imefika 0.655. Seva haikuwa imefikiri hata kidogo cha kutaja. Mwenye kampuni alitaka tulipie seva yenye nguvu mara mbili. Nilimwonyesha namba hizo tatu, akaacha.

2. Ondoa kuzungushwa

Aliyeandika jina la tovuti kwa mkono alipelekwa kwanza kwenye anwani isiyo na kufuli, kisha kwenye yenye kufuli bila www, kisha kwenye yenye kufuli na www. Safari mbili, nne, na nne tena. Jumla sekunde 1.6, na sita kati ya safari hizo kumi ni za kupigwa danadana. Tukaelekeza moja kwa moja, tukawasha na HSTS ili kivinjari kikumbuke kuanzia kwenye HTTPS chenyewe. Kazi ya nusu saa.

3. TLS 1.3 haina la kujadili

Ilichapishwa Agosti 2018. Kivinjari hakisubiri tena kuulizwa. Kinatuma sehemu yake ya ufunguo kwenye ujumbe wa kwanza kabisa, na safari moja inafutika. Humo humo mbinu dhaifu za zamani zimetupwa nje, kwa hiyo unapata kasi na usalama kwa pamoja, jambo la nadra katika kazi hii. Simu kuukuu haifungiwi nje: TLS 1.2 tuliiacha iendelee, tukazima 1.0 na 1.1 tu.

4. Cheti kisiwe kinene

Tulikuwa na cheti cha RSA cha biti 4096, kikisindikizwa na mlolongo wenye hadi cheti cha mzizi, ambacho simu inacho tayari. Kwenye TCP hilo linavumilika. Kwenye QUIC, ambayo naijia, kabla anwani ya mteja haijathibitishwa seva hairuhusiwi kutuma zaidi ya mara tatu ya kile ilichopokea. Mteja akifungua kwa baiti 1,200, una 3,600 tu. Mlolongo ukizidi hapo, umeongeza safari nzima kwa uzembe wa faili moja. Tukahamia cheti cha ECDSA, tukaondoa mzizi.

5. Pimia stendi

HTTP/2 ya mwaka 2015 huruhusu kivinjari kuomba picha na skripti zote kwa pamoja kwenye muunganisho mmoja. Kabla yake, kivinjari kilifungua hadi miunganisho sita kwa kila jina, ndiyo maana fundi aliyenitangulia aligawa picha kwenye vikoa vidogo vinne. Enzi zile ilikuwa akili. Leo ni hasara, kwani kila kikoa kinadai salamu zake upya. Tukarudisha kila kitu kwenye jina moja, na ofisini tovuti ikapaa.

Kwenye stendi ya Magufuli pale Mbezi, saa kumi na moja alfajiri, haikupaa. Simu zote ziko hewani, pakiti zinapotea ovyo. TCP hutaka kila kitu kifike kwa mpangilio: ikipotea pakiti moja ya nembo ya kampuni, ramani ya viti ambayo imeshafika kwenye simu hubaki imezuiwa humo ndani hadi ile ya nembo itumwe upya kutoka Ulaya. Abiria ameshika simu yenye viti vyote, na haoni hata kimoja. Kwa muunganisho mmoja, pigo hilo linayakuta mafaili yote.

HTTP/3, iliyokamilishwa Juni 2022, iliachana na TCP. Inapanda juu ya QUIC, na QUIC inatumia UDP. Kila faili lina foleni yake, na kufungua njia na kukubaliana funguo ni safari moja. Muunganisho pia hutambuliwa kwa namba yake, si kwa anwani ya simu, hivyo abiria akitoka kwenye Wi-Fi ya mgahawa akahamia bando lake, mazungumzo yanaweza kuendelea, ikiwa simu na seva zote zinakubali. Sisi tuliiwasha pale nginx, programu inayoendesha seva yetu, ilipoileta katika toleo la 1.25.0, Mei 2023.

Usiifute HTTP/2 lakini. Ofisi nyingi huzuia UDP kwenye poti 443, na kivinjari hurudi njia ya zamani kimya kimya. Nilipomwomba fundi wa ofisi moja aifungue, alinijibu, "Kaka, UDP si ya magemu hiyo?"

6. Salamu zimalizwe karibu

Kubwa kuliko yote ni kuweka seva ya mbele Afrika Mashariki kupitia kampuni ya usambazaji wa maudhui (CDN). Simu inakubaliana funguo hapa hapa bila kusubiri Ulaya, na seva hiyo ina muunganisho ulio wazi muda wote hadi Frankfurt. Gharama yake ni kwamba ufunguo wa cheti chako unakaa mikononi mwa wengine. Kwa tiketi za basi nimekubali. Kwa kumbukumbu za hospitali ningefikiri sana.

7. Pesa isipande 0-RTT

Kwa 0-RTT, mteja anayerudi anaweza kutuma ombi pamoja na salamu ya kwanza ya funguo, bila kusubiri jibu lake. Tatizo ni kwamba mtu aliyekaa njiani, ingawa hawezi kulisoma, anaweza kulinakili ombi hilo na kulirusha tena. Kuonyesha ratiba mara mbili hakumdhuru mtu. Kulipia kiti namba 14 mara mbili ni ugomvi. nginx huja nayo ikiwa imezimwa, na ndivyo inavyofaa. Tuliifungua kwa ratiba na nauli tu. Ombi lolote la malipo likifika mapema, programu yetu hulijibu kwa namba 425, nalo hurudiwa baada ya funguo kukamilika. Malipo yanalipa safari yake kamili, na sijasikia abiria akiilalamikia.