Kompresa yako ya Omate ina thamani gani?

Mwenye shimo, PDG kama wanavyomwita machimboni, akiulizwa thamani ya kompresa yake hutaja pesa alizotoa Goma siku ya kuinunua. Bei hiyo imeshapitwa na wakati, tena ni ya mahali pengine. Kwenye machimbo ya dhahabu kama Omate, mashariki mwa Kongo, mashine moja yaweza kuwa na thamani tatu kwa siku moja, na zote ni halali. Mthamini anayejua kazi ataanza kwa kukuuliza unaitakia nini.

Washirika wanaoachana huhitaji bei ya soko, ya muuzaji na mnunuzi wasio na haraka. Mkopeshaji hutazama bei ya kuuza kwa lazima, ambayo huwa chini sana. Mwenye kutaka bima huhesabu gharama ya kupata nyingine na kuifunga palepale, uchakavu ukiwa umeshatolewa.

Hapo usafiri hufanya vituko. Jenereta iliyotoka Goma kwa lori, kisha ikafunguliwa na kubebwa mabegani barabara ilipogoma, imeongezewa gharama kila hatua. Lakini ukitaka kuirudisha Goma uiuze, mzigo uleule unakula bei. Ripoti isiyosema mashine imethaminiwa ikiwa wapi haikusaidii.

Wapo wanaothamini kwa mapato ambayo mashine huleta. Huku ni hesabu ya kuogopa. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na marufuku ikaondolewa Machi 2011. Miezi yote hiyo, pampu ya mgodini kwa hesabu ya mapato halali ilikuwa sifuri.

Kabla mthamini hajafika, tafuta fakture, karatasi za forodha, namba ya injini iliyogongwa kwenye chuma na kumbukumbu za matengenezo. Uwe na mafuta ya kuiwasha mbele yake: mashine iliyozimwa hukisiwa tu. Karatasi za umiliki zisikosekane. Mwaka huohuo wa 2010 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika juu ya kampuni mbili, Geminaco na Socagrimines, zilizogombania Omate. Mahali ambapo haki ya mgodi wenyewe inabishaniwa, usitegemee neno la mdomo kuthibitisha kwamba jenereta ni yako.

Sheria nayo imo. Kongo iliingia OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja ya biashara, Septemba 2012. Kwa kanuni zake, ukianzisha kampuni ya SARL, yaani yenye dhima yenye kikomo, na mchango wako ni mashine ya zaidi ya faranga za CFA milioni 5, mkaguzi maalumu wa michango lazima aithamini. Na ukiiweka rehani bila kuiachia, rehani hiyo huandikishwa kwenye rejista ya biashara, RCCM.

Malipo ya mthamini yawe kiasi mlichokubaliana mapema. Akidai asilimia ya thamani atakayoandika, mwache aende, maana ana sababu ya kuipandisha. Fundi anayetaka kuinunua mashine yako naye asiithamini, hata awe hodari namna gani.

Ripoti ikija, itazame kabla hujalipa salio: tarehe ya ukaguzi, sarafu, aina ya thamani, picha za kibati cha injini, na jina la aliyeigusa mashine kwa mikono yake.