Somo la Familia: Jiwe, Uzi na Fizikia

Hapa Kampala, watoto wetu wengi walioanza shule kwa Kifaransa huko Kongo sasa wanafundishwa fizikia kwa Kiingereza. Lugha huwachosha kabla ya kulifikia somo. Jaribio la kuonekana kwa macho husaidia.

Mwaka 2002 Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, alianzisha PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani. Ni majaribio ya kuigiza kwenye kompyuta au simu, bila malipo. Baadhi yapo kwa Kiswahili, na ukishayapakua hutumika bila intaneti.

Anzeni na pendulamu, yaani uzito unaoning'inia na kubembea. Ongezeni uzito: muda wa kwenda na kurudi haubadiliki. Refusheni uzi: muda unaongezeka.

Kisha hakikisheni nyumbani kwa jiwe na uzi, mkilivuta kidogo tu. Uzi wa sentimita 25 hubembea mara 10 kwa sekunde 10 hivi; wa mita 1, sekunde 20. Urefu mara nne, muda mara mbili.

Mzazi, hata kama hukusoma fizikia, shika saa. Mtoto aeleze kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa Kiingereza. Bwana awabariki.