Mnyama Akifa Ghafla na Hujui Sababu: Somo Nililolipata kwa Kinyonga wa Mwanangu

Wiki hii nilipanga tuendelee na kantangaze kwenye nyanya. Tutalirudia somo hilo. Leo nataka tuongelee jambo ambalo sisi maafisa ugani hatulifundishi, na mimi mwenyewe chuoni sikufundishwa: unafanya nini siku umeamka ukamkuta mnyama wako amekufa, jana alikuwa mzima, na hakuna anayejua kilichomuua?

Mfano wangu sio ng'ombe wala kuku. Ni kinyonga. Najua kuna watakaocheka, na kuna watakaotema mate chini maana kwao kinyonga ni mkosi. Nivumilieni.

Nyumbani kwangu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, mwanangu wa miaka 10 alimkuta kinyonga kwenye ua wa michongoma. Ni yule wa kijani wa kawaida, mwenye vikunjo vya ngozi nyuma ya kichwa kama masikio. Akamtengenezea banda la waya wa kuku na kipande cha chandarua cha zamani, akaliweka barazani, akampa jina la Mzee kwa sababu ya mwendo wake. Nikamwacha. Hapo niseme wazi kwamba nilikosea, maana kinyonga ni mnyamapori na kumfuga kunahitaji kibali. Nilitakiwa nimwambie amrudishe uani siku ile ile. Ila mtoto alikuwa anaamka alfajiri kwenda kumtafutia panzi, kitu ambacho hajawahi kukifanya kwa kazi yoyote niliyomtuma mimi, nikaona acha tu. Ikapita miezi minne.

Alhamisi moja asubuhi nikasikia ananiita kutoka barazani. "Baba, njoo. Mzee hashiki tawi."

Nikaenda. Kinyonga yuko chini ya banda, amelala ubavu, miguu imelegea, rangi imepauka. Jana yake jioni alikula panzi wawili, nilimwona kwa macho yangu. Sasa bwana, mimi ni mtu wa fani, nikauliza swali ninalomuuliza kila mfugaji aliyefiwa na mifugo: "Jana ulimlisha nini, na ulikitoa wapi?"

"Panzi. Niliwatoa pale pembeni ya nyanya."

Juzi yake nilikuwa nimepulizia zile nyanya. Nadhani uso wangu ulisema kabla ya mdomo, kwa sababu mtoto aliniangalia kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi nimemuua?"

Vijana, swali langu lilikuwa sahihi kabisa kitaalamu, na lilimwangukia yule mtoto kama hukumu. Aliyebeba bomba mgongoni ni mimi, na sikumwambia mtu yeyote nyumbani kwamba nimepulizia. Lakini swali lilivyotoka kinywani kwangu lilielekea kwake. Nimejiuliza mara nyingi tangu siku ile, ni vibarua wangapi nimewatwisha mzigo wa namna hiyo mbele ya matajiri wao, huku nikijiona natafuta ukweli.

Kosa la pili nililifanya kwa aibu. Nilitaka jambo liishe, nikachukua jembe tukamzika chini ya mpapai kabla hata ya chai. SUA iko hapa hapa mjini, na ina ndaki nzima ya tiba ya wanyama. Ningeweza angalau kwenda kuuliza kama kuna mtu wa kumpasua na kumwangalia. Nilipopata wazo hilo ilikuwa kesho yake jioni, na kwa joto letu mzoga mdogo kama ule haungoji.

Kwa hiyo hili lishikeni. Mnyama mdogo kama kuku au sungura akifa bila sababu inayoeleweka, vaa glovu, mtie kwenye mifuko miwili ya plastiki, andika tarehe na saa, mweke mahali pa baridi, umpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Usimgandishe kwenye friza, maana barafu inaharibu nyama za ndani na mtaalamu anashindwa kusoma alichotakiwa kukiona. Na wala usimweke kwenye friji ya chakula, tumia ndoo yenye barafu. Ila kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo sikiliza vizuri zaidi. Akifa ghafla, na hasa ukiona damu isiyoganda inatoka puani, mdomoni au njia ya haja, au mzoga umevimba upesi na haukakamai, USIMPASUE, usimchune, usigawe nyama. Hicho kinaweza kuwa kimeta. Ukifungua mzoga unawapa vimelea hewa, wanajifungia kwenye ganda na kukaa ardhini miaka mingi, na binadamu anakipata. Fukuza mbwa, mwite daktari, subiri.

Tulipomaliza kuzika nikamwambia mwanangu alete daftari. Tukaandika siku tatu kwa kurudi nyuma, saa kwa saa: nani alifungua banda, nani alileta chakula, mvua ilinyesha lini, jua lilifika wapi. Nilidhani dawa itabaki mtuhumiwa peke yake. Wapi!

Tukaona kwanza bakuli la maji. Lilikuwa limejaa, na tukikumbuka vizuri, lilikuwa limejaa siku zote. Mimi nilichukulia kwamba maji yapo, basi anakunywa. Kumbe kinyonga kwa kawaida hunywa matone yaliyo juu ya majani, umande au mvua, na anaweza kufa kwa kiu pembeni ya bakuli lililojaa. Tukaona baraza nayo ina paa, kwa hiyo jua la moja kwa moja lilikuwa halimfikii, na bila jua hilo mwili wake hautumii vizuri madini ya chokaa na mifupa inalegea. Halafu kuna minyoo, maana kinyonga wa porini huwa nayo, na akifungiwa akapata msongo inaweza kumzidi nguvu. Mwisho nikamuuliza mtoto kama anakumbuka shina la mkia lilivyokuwa. Dume shina huwa nene. Akasema lilikuwa jembamba, "kama penseli". Basi huenda Mzee alikuwa jike, na jike wa aina hii huchimba ardhi kutaga. Banda letu lilikuwa na sakafu ya ubao. Asipopata mahali pa kuchimba anaweza kubaki na mayai tumboni mpaka yamuue.

"Kwa hiyo Mzee alikuwa mama?" Hapo ndipo alipocheka, mara ya kwanza siku ile, kisha akalia tena.

Na hakuna hata kimoja kati ya hivyo tulichokiona mapema, kwa sababu kinyonga huficha ugonjwa. Porini anayeonyesha udhaifu analiwa. Kuku wako ni hivyo hivyo, ukimwona amejikunyata ujue huenda ameumwa siku kadhaa.

Daftari halikutupa jibu, lilitupa watuhumiwa watano. Nikamwambia mwanangu, "Sijui kilichomuua, na sasa hatutajua. Lakini dawa nilipulizia mimi, na sikukuambia." Sikuona kwamba neno hilo limemponya. Siku mbili hakula vizuri, na jirani yetu mmoja akapita akicheka kwamba mtoto mzima analilia mjusi. Nilimwomba jirani anyamaze. Sikumletea mtoto kinyonga mwingine wala sikumwambia asahau.

Ninyi mmeambiwa, na sisi ndio tuliowaambia, kwamba kilimo ni biashara, kwa hiyo mnyama akifa ni hasara, andika kwenye vitabu uendelee. Haya, andika. Lakini yule ng'ombe ulikuwa unamkamua alfajiri kwa mkono wako, unajua titi gani gumu na wimbo gani unamtuliza. Usishangae ukikosa usingizi, na usione haya kumwambia mtu.

Kijana mmoja ninayemhudumia alipoteza kuku 60 kwa usiku mmoja. Kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ameshamfukuza kijana wa kazi, ameshatupa mizoga shimoni, ameshaosha vyombo vya maji na kununua dawa aliyoshauriwa dukani. Aliponipigia simu hakukuwa na kitu cha kuangalia. Mpaka leo hajui kama ilikuwa mdondo, chakula chenye ukungu, au hewa iliyokosekana bandani. Na yule kijana wa kazi alikuwa anajua nani aliziba madirisha, ila hakuna aliyemuuliza kwa upole.

Ushauri wangu una mwendo wa aina mbili. Kwa walio hai, kimbia: watenge, badilisha maji, simamisha kile chakula lakini usikitupe, weka sampuli yake pembeni, zuia watu kuingia, mpigie daktari. Kwa lawama, nenda mwendo wa Mzee. Ipe siku nzima kabla ya kumfukuza mtu, na usilete vifaranga vipya mpaka banda limeoshwa na kupumzishwa. Na ukiuliza maswali, anza na wewe mwenyewe, mbele ya wote: "Mimi juzi nilifanya hivi na hivi. Wewe je?"

Kwangu nimebadilisha kitu kimoja. Nikipulizia nafunga kitambaa chekundu kwenye mti wa kuingilia shambani, na kwenye daftari la jikoni naandika jina la dawa, tarehe na siku za kusubiri zilizoko kwenye lebo. Hakuna anayechuma mboga, kukata majani ya sungura wala kukamata panzi pale mpaka kitambaa kitoke.

Lile banda sasa lina miche ya hoho. Juzi mwanangu amemwona kinyonga mwingine kwenye michongoma. Alichukua chupa ya kunyunyizia, akalowesha majani ya karibu naye, akasimama kumtazama mpaka akachelewa shule.

Wiki ijayo turudi kwenye kantangaze. Njooni na madaftari.