Kijiji Kidogo cha India: Idadi ya Watu na Barabara

Sensa ya mwaka 2011 ilihesabu nchini India watu wapatao milioni 1,210. Kati yao, milioni 833 hivi waliishi vijijini. Vijiji vilivyoorodheshwa vilizidi 640,000, ingawa baadhi havikuwa na wakazi. Kwa kila kijiji, sensa hiyo haikutoa idadi ya watu tu, bali pia umbali wa kufikia huduma kama shule, posta, kituo cha basi na reli. Katika makala haya tutajifunza jinsi ya kuzisoma takwimu hizo, na jinsi idadi ya watu inavyoweza kukipatia kijiji barabara au kukinyima.

Kuzisoma takwimu

Tuchukue kijiji cha mfano, kilichobuniwa kwa ajili ya hesabu tu. Kina wanaume 260 na wanawake 247, jumla watu 507, na wote wanakaa katika kitongoji kimoja. Watoto wenye umri wa miaka 0 hadi 6 ni 77. Wajuao kusoma na kuandika ni 301.

Kwanza, uwiano wa jinsia. Nchini India hutajwa idadi ya wanawake kwa kila wanaume 1,000. Hapa ni 247 ÷ 260 × 1,000, yaani 950. Mwaka 2011 uwiano wa nchi nzima ulikuwa 943.

Pili, kiwango cha kujua kusoma na kuandika. Watoto wa chini ya miaka 7 huondolewa kwanza katika hesabu: 507 – 77 = 430. Kisha 301 ÷ 430 hutupa asilimia 70. Mwanafunzi anayegawa kwa 507 atapata asilimia 59 tu, naye atakuwa amekidhulumu kijiji.

Idadi na barabara

Tarehe 25 Desemba 2000, serikali ya India ilianzisha mpango wa barabara za vijijini uitwao Pradhan Mantri Gram Sadak Yojana. Shabaha yake ilikuwa kuviunganisha vitongoji kwa barabara zinazopitika majira yote, hata wakati wa masika. Katika nchi tambarare, kitongoji kilistahili kikiwa na watu 500 au zaidi kwa sensa ya mwaka 2001. Katika milima, majangwa na maeneo ya makabila, watu 250. Sensa iliyopaswa kufanywa mwaka 2021 iliahirishwa, kwa hiyo hata awamu ya nne ya mpango huo, iliyoidhinishwa mwaka 2024, ilitumia takwimu za mwaka 2011.

Kijiji chetu cha mfano, kwa watu wake 507, kinastahili. Lakini tuseme familia mbili za watu wanne wanne zimekwenda kutafuta kibarua mbali, zikakosekana muda wote wa kuhesabu. Idadi itakuwa 499, na kijiji kitarudishwa nyuma katika orodha. Mwenye kuhesabu akikosea kidogo, mgonjwa huendelea kubebwa kwenye tope.

Barabara huleta nini?

Kikomo hicho kiliwafaa watafiti pia. Kijiji cha watu 490 na kile cha watu 510 hufanana karibu kwa kila jambo, isipokuwa nafasi ya kupata barabara. Sam Asher na Paul Novosad walilinganisha vijiji vya namna hiyo, na mwaka 2020 walichapisha matokeo yao. Waligundua kwamba barabara iliwawezesha wafanyakazi wengi kutoka katika kilimo na kufuata kazi nyingine. Lakini mavuno, mapato na mali za kaya hazikubadilika sana. Barabara, basi, hufungua mlango, haijazi ghala.

Zoezi

1. Kijiji kina wanaume 320, wanawake 304 na watoto 94 wa miaka 0 hadi 6. Wajuao kusoma na kuandika ni 371. Tafuta uwiano wa jinsia na kiwango cha kujua kusoma na kuandika.

2. Pima umbali kutoka kijijini kwako hadi kituo cha basi kilicho karibu. Je, njia hupitika wakati wa masika? Eleza ni nani huumia zaidi isipopitika.