Ufunguo Wako Unalala Wapi?

Mwizi aliyepata ufunguo havunji kitu. Mbwa hashtuki, jirani hasikii kishindo, na asubuhi mwenye nyumba anakuta mlango uko vilevile, kufuli halina hata mkwaruzo, ila pikipiki haipo. Wizi wa namna hii nimeuona Sake, nimeuona Masisi-centre, nimeuona Mubi kule Walikale. Karibu kila mara ukifuatilia unakuta ufunguo ulishatoka mikononi mwa mwenyewe siku nyingi kabla ya pikipiki kuondoka. Ndiyo sababu ndugu akinunua pikipiki yake ya kwanza na kuniuliza ailinde vipi, sianzi na minyororo. Namwuliza: ufunguo unalala wapi, na ni nani anayejua?

Mimi ni mfanyabiashara wa kutembea. Napanda kutoka Sake kupitia Mushaki hadi Masisi-centre, na barabara ikiruhusu naendelea Nyabiondo, kisha nashuka upande wa Walikale. Kwenye njia hii gari ni la wachache: Fuso za viazi na maharagwe, jeep za mashirika, magari ya wakubwa wa biashara ya madini. Mali ya mtu wa kawaida ni pikipiki, TVS au Boxer. Hiyo ndiyo inayolipa shule ya watoto na kumfikisha mgonjwa hospitali, na mara nyingi imenunuliwa kwa deni. Ikiibwa, deni linabaki. Kwa hiyo nitasema zaidi juu ya pikipiki na nyumba inamolala, na gari nitaligusa kidogo.

Ulaya, wezi walianza kuingia nyumbani kutafuta funguo pale magari yalipokuwa magumu kuwashwa bila ufunguo wake. Kuanzia Oktoba 1998 kila gari jipya katika nchi za Umoja wa Ulaya lilitakiwa kuwa na kifaa kinachoikataza injini kuwaka kama ufunguo si wake. Wezi wakaachana na nyaya, wakageukia meza ya sebuleni. Kwetu sababu ya kutafuta ufunguo ni nyingine. Kontakti ya pikipiki zetu si ngumu sana, lakini kuivunja kunachukua muda na kunapiga kelele, na usukani ukiwa umefungwa nani ataisukuma kwenye milima hii yenye tope? Mwenye ufunguo anafungua usukani, anaiachia kwenye mteremko bila kuiwasha, anawasha kule chini, na kukicha yuko mbali.

Tenganisha funguo leo

Kazi ya kwanza haigharimu hata faranga moja. Toa ufunguo wa nyumba kwenye pete ya ufunguo wa pikipiki. Pikipiki inapita mikono mingi: kijana anayeiosha mtoni, fundi wa garaji, mdogo wako anayekwenda butiki mara moja, motari anayeisogeza kwa sababu imeziba njia. Kila mmoja wao ukimpa pete nzima umempa na nyumba. Na kuchonga ufunguo wa pili si kazi ya kutwa. Fundi mwenye mashine sokoni Goma anaumaliza ukiwa umesimama hapohapo, na mwenye tupa na mkono mzuri hahitaji hata mashine.

Pikipiki mpya inakuja na funguo mbili. Ule wa pili usiutundike pamoja na wa kwanza, wala usiuweke sandukuni chumbani. Upeleke kwa mtu asiyelala nyumba moja nawe: mama mzazi, dada aliyeolewa kijiji cha jirani. Karte roze, karatasi ya umiliki wa pikipiki, nayo isikae chini ya kiti. Mwizi aliye na pikipiki, ufunguo na karatasi zake anaweza kuiuza mchana kweupe, na mnunuzi atasema hakujua. Ile namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, ifute tope uipige picha, kisha umtumie mtu mwingine picha hiyo, kwa maana simu yako inaweza kuondoka usiku uleule.

Masisi ni baridi, na baridi inatufundisha tabia moja mbaya. Kila mtu ana koti, na ufunguo unakaa kwenye koti. Tukifika kwenye arusi au kilio, moto umewashwa, watu wamejaa, koti linatundikwa msumarini. Pale nje zimeegeshwa pikipiki za watu, na kila mtu anajua ipi ni ya nani. Ufunguo uwe kwenye mfuko wa suruali, ule wa mbele, na koti likitundikwa liwe tupu.

Mbao zina nafasi

Nyumba zetu nyingi ni za mbao, na mbao zikikauka zinaachana. Simama nje usiku, mtu awashe tochi ndani, utaona mistari ya mwanga kila mahali. Kupitia mstari kama huo mtu anaingiza waya mgumu uliokunjwa ncha na kuvuta pete ya funguo iliyotundikwa kwenye msumari karibu na mlango. Fanya jaribio hilo kwenye nyumba yako mwenyewe. Simama nje na waya wako, uone unafika wapi. Popote waya unapofika, na popote jicho la mtu aliye mlangoni linapofika, ufunguo usikae. Mgeni akija kuomba maji hapaswi kuondoka akijua msumari wa funguo uko wapi.

Sasa makufuli, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanapoteza pesa. Makufuli ya bei ya chini yanakuja kwenye katoni, na kiwanda hakichongi funguo tofauti kwa kila moja. Michoro ni michache, inarudiwarudiwa. Kwa hiyo sinunui kufuli bila kujaribu. Namwambia mwenye butiki, "Mama, niruhusu kwanza nijaribu huu ufunguo kwenye mengine." Mwenye roho nzuri anajibu, "Jaribu tu, ndugu," anasukuma katoni mbele yangu. Nachukua ufunguo wa kufuli ninalolitaka, nauingiza kwenye lile la pembeni, halafu jingine, nageuza taratibu. Ukiona moja linafunguka, rudisha yote. Maana jirani aliyenunua kwenye katoni hiyohiyo anatembea na ufunguo wako mfukoni bila kujua, na siku akijua ni hatari kwenu nyote wawili. Nenda kwenye butiki nyingine, chukua aina nyingine, hata kama ni ghali kidogo.

Kufuli likiwa zuri, angalia kilicholishika. Mara nyingi ni kipande cha bati chenye misumari miwili kwenye mbao laini, na nyundo ya fundi ina sehemu ya kung'olea misumari. Mwambie fundi apitishe boloti kutoka nje hadi ndani, nati ikae upande wa ndani, na kichwa cha boloti kiwe cha duara kisichoshikwa na spana. Bawaba za mlango zielekee ndani pia. Bawaba ikiwa nje, mtu anachomoa pini yake, na mlango unafunguka kwa upande wa pili huku kufuli likiwa limefungwa.

Usiku pikipiki iingie ndani. Najua salon ni ndogo na watoto wanalala pale. Funga koki ya mafuta kabla ya kuiingiza, hakikisha hakuna tone linalovuja, na moto wa kuni au mshumaa ukae mbali nayo. Kama haiingii, ifunge kwa mnyororo unaopita kwenye fremu yenyewe na kwenye nguzo iliyozikwa. Mnyororo wa gurudumu peke yake unatolewa pamoja na gurudumu. Na buji: ichomoe, ziba tundu lake kwa kitambaa kisafi ili vumbi lisiingie kwenye silinda, lala nayo. Mwenye ufunguo bila buji atapiga kiki mpaka achoke. Fundi mzuri anaweza pia kukufungia suichi ndogo iliyofichwa inayokata umeme wa injini, lakini watakaojua mahali pa suichi hiyo ni wewe na fundi, basi.

Wakija na silaha

Hapa naomba unisikilize kama ndugu. Yote niliyoyasema ni ya mwizi anayeogopa kuonekana. Yupo mwingine asiyeogopa, anapiga hodi na bunduki, na Masisi yetu imemjua kwa miaka mingi. Huyo mpe ufunguo. Usiseme umepotea, usiseme uko kwa fundi. Kama umetoa buji, mwambie palepale na umpe, kwa sababu pikipiki ikikataa kuwaka atadhani umemdanganya. Kwa hiyo mahali unapoficha ufunguo pawe pa siri kwa wageni, lakini wewe na mke wako mpafikie gizani bila kupekua. Mlizungumzie jambo hilo mapema, mchana, watoto wasikie kwamba baba amesema: wakitaka pikipiki, inaondoka.

Safari na ukimbizi

Kwenye nyumba za wageni huko Mubi au Ndjingala, chumba kinafungwa kwa kufuli ambalo mwenyeji ana ufunguo wake wa pili, na aliyelala jana pengine alichonga wake. Mimi natembea na kufuli langu. Namwomba mwenyeji kwa heshima nifunge la kwangu, na sijawahi kukataliwa na mtu mwenye nia njema.

Jambo zito ni nyumba tunayoikimbia. Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia Masisi-centre, na Machi mwaka huohuo Walikale-centre, familia zilitoka na kilichoshikika. Kabla ya hapo maelfu ya watu wa Masisi walikuwa kwenye kambi za Bulengo na Rusayo, magharibi ya Goma, wakiwa na funguo za nyumba zilizobaki milimani. Wapo waliorudi na ufunguo mfukoni wakakuta mlango umeng'olewa na fremu yake, mabati yameshushwa. Ufunguo hauzuii hilo. Unachoweza kufanya ni kutoka na pikipiki, karte roze na karatasi za shamba, na kutoacha ndani kitu ambacho mtu angevunja mlango kwa ajili yake.

Kama kuna anayebaki kijijini, ufunguo mpe mmoja tu, mbele ya shahidi, mkubwa wa kijiji au mtu wa kanisa. Semeni pamoja vitu vilivyobaki ndani, muandike kwenye daftari. Hii inamlinda yeye kuliko inavyokulinda wewe. Kitu kikipotea, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mshika ufunguo, na sote tumeona kijana akipigwa na kundi la watu kwa neno tu, au mkimbizi aliyehifadhiwa na familia akifukuzwa kwa sababu yeye ndiye mgeni. Wanaojua ufunguo ulipo wakiwa wachache, wasio na hatia wanabaki na amani yao.

Kwa wenye magari Goma yanayofunguka kwa rimoti au kuwashwa kwa kitufe, neno moja. Ufunguo wa namna hiyo usiotaka kubonyezwa unatoa mawimbi hata ukiwa mezani, na wezi wenye vifaa wanayanasa kutoka nje ya ukuta na kuyafikisha kwenye gari. Uweke ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, kama la maziwa ya unga, kisha simama na kopo hilo karibu na mlango wa gari ujaribu kufungua. Ukifunguka, tafuta kopo lingine.

Ukipotea

Ufunguo ukipotea, chukulia kwamba umeokotwa na mtu anayekujua. Usingoje kesho. Waambie wamotari wa parking yako, maana habari zao zinafika Sake kabla ya pikipiki yenyewe, na umjulishe mkubwa wa kijiji na polisi ili siku ukidai kuwe na mtu aliyekusikia. Kufuli la mlangoni litoe siku hiyohiyo. Usilitupe, funga nalo kibanda cha mbuzi. Kontakti ya pikipiki inabadilishwa pamoja na mfuniko wa tanki, kwa sababu vyote viwili vinatumia ufunguo mmoja, na kabla hujapata pesa ya kontakti mpya buji ndiyo mlinzi wako kila usiku.

Kwa mlango wenye kitasa, kuna njia ambayo nimewaelekeza wengi wasio na pesa ya kitasa kipya. Tafuta ndugu mwenye mlango wa namna ileile, lakini anayekaa mbali, kijiji kingine ambako aliyeokota ufunguo wako hana shughuli. Fungueni skurubu, badilishaneni vitasa na funguo zake, kila mmoja afunge cha mwenzake. Pimeni kwanza vitasa kwa kipimo kimoja, maana mafundi wetu wanachimba mbao kwa ukubwa tofauti, na ukifika Nyabiondo na kitasa kisichoingia kwenye tundu lake, mlango utalala wazi.