Kelele za Nyumbani na Namna ya Kutambua Chanzo Chake

Kelele hufafanuliwa kuwa ni sauti isiyotakiwa. Fasili hiyo yatosha darasani, lakini haimfai mtu aliyeamshwa saa nane za usiku na mlio asioujua. Mtu huyo, kwa kawaida, huinuka akafuata upande anaoelekezwa na masikio yake, akafika, asione kitu. Baadaye hutafutwa maelezo mengine: mwizi, paka, na mahali pengine hata jirani akashukiwa uchawi. Hapana budi basi kueleza kwa nini masikio hupotosha, na kwa nini swali la kwanza katika uchunguzi wa kelele liwe "lini?", na "wapi?" lifuate.

Kila kelele ya nyumbani ina mambo matatu: kitu kinachotetemeka, njia inayopitisha mtetemo, na uso mpana unaousukuma hewani. Mara nyingi cha kwanza na cha tatu haviko mahali pamoja. Uzi wa zeze ulionyoshwa peke yake husikika kwa shida, kwa kuwa ni mwembamba na husukuma hewa kidogo mno. Kibuyu ndicho kinachoupa sauti. Katika nyumba, dari, mlango wa kabati na ukuta mwembamba ndivyo vibuyu. Mwalimu aweza kuonyesha jambo hili kwa simu ya mkononi iliyowekwa itetemeke bila mlio: kwanza juu ya meza ya mbao, kisha juu ya kanga iliyokunjwa mara kadhaa kwenye meza ile ile. Simu haikubadilika, wala meza haikubadilika. Kilichokatwa ni njia.

Masikio hutambua upande wa sauti kwa namna mbili. Ya kwanza ni tofauti ya wakati: sauti itokayo kulia huwahi sikio la kulia. Kwa kuwa sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na tofauti ya safari baina ya masikio mawili ni kama sentimita 20, wakati huo ni kama sekunde 0.0006 tu. Ya pili ni tofauti ya nguvu: kichwa hutia kivuli, sikio la mbali likapata kidogo. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alizieleza namna hizi mbili mwaka 1907. Lakini kivuli hicho hupatikana tu ikiwa wimbi ni fupi kuliko kichwa au linakaribiana nacho. Wimbi refu hukizunguka kichwa kama maji ya bahari yanavyozunguka mti wa mkoko.

Uchukuliwe mfano wa mvumo wa jokofu. Umeme wa Afrika Mashariki hukamilisha mizunguko 50 kwa sekunde. Sumaku-umeme ya mota huvuta chuma mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo mvumo wake mkuu huwa wa hezi 100, na urefu wa wimbi lake ni 340 ÷ 100, yaani mita 3.4. Kichwa si kitu mbele ya wimbi kama hilo. Tofauti ya wakati nayo, ambayo uwanjani ingetosha, huvurugwa na mwangwi wa kuta. Tena, katika chumba chenye urefu wa mita 3.4, mawimbi yaendayo na yarudiyo hupatana: mvumo huwa mkubwa ukutani na katikati ya chumba, na huwa hafifu penye sentimita 85 kutoka kila ukuta wa mwisho. Ndiyo maana mmoja hulala vizuri, na mwenziwe ambaye mto wake umegusana na ukuta hukesha, na asubuhi kila mmoja humwona mwenzake mwongo.

Kufuata mvumo wa namna hii kwa masikio ni kupoteza usiku. Njia fupi ni kuzima kifaa kimoja kimoja na kusikiliza. Jokofu likizimwa lisiwashwe tena kabla ya dakika 5 kupita, maana kanieneo ya gesi katika kompresa yapaswa kushuka kwanza. Likithibitika kuwa ndilo, mara nyingi dawa ni kulisogeza lisiguse ukuta na kusawazisha miguu yake.

Milio ya paa la bati ina tabia nyingine. Chuma huongezeka urefu kwa sehemu 12 katika kila milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Bati la mita 3 ambalo lilifika nyuzi 60 mchana, likashuka hadi 20 usiku, hufupika kwa milimita 1.44. Misumari na papi hulizuia. Mkazo hujikusanya hadi ushinde msuguano, ndipo bati huteleza ghafla na kutoa mlio unaofanana kabisa na kishindo cha mguu. Mwenye kutaka kuhakikisha na aandike katika daftari saa ya kila mlio na hali ya anga. Milio ya bati huwa mingi baada ya jua kuchwa, hupungua kadiri usiku unavyoendelea, na huzuka tena manyunyu yakianguka au jua likichomoza. Panya hafuati ratiba hiyo, wala mwizi.

Mabomba ya maji hugonga. Koki ikifungwa ghafla, maji yaliyokuwa yakienda hayana budi kusimama mara moja, na kanieneo hupanda. Mrusi Nikolai Joukowsky alieleza kanuni yake mwaka 1898: maji yaendayo mita 1 kwa sekunde katika bomba la chuma huweza kuzua kanieneo zaidi ya mara 10 ya ile ya hewa. Bomba lisilofungwa barabara ukutani huruka na kugonga. Koki ifungwe polepole, na bomba likazwe.

Mlio wa "shii" usiokoma wataka uangalifu zaidi. Koki zote zifungwe, kisha mita ya maji itazamwe. Ikiwa bado yazunguka, maji yanavuja. Tundu lipitishalo lita 1 kwa dakika 10 hupoteza lita 144 kwa siku, yaani zaidi ya ndoo 7 za lita 20. Ili kupata mahali, kijiti kikavu au ufito wa chuma hutosha: ncha moja ya kijiti kikavu huwekwa kwenye bomba, na nyingine hubanwa kwa uangalifu kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Mlio huongezeka kadiri tundu linavyokaribiwa. Hapa "wapi?" hujibika, kwa sababu hewa ya chumba na mwangwi wake vimeachwa kando. Mganga wa Ufaransa, Laennec, alitumia fikira iyo hiyo mwaka 1816 aliposikiliza kifua cha mgonjwa kwa karatasi iliyoviringishwa.

Mlio mmoja hauchunguzwi hivyo. Soketi au swichi ikitatarika kama chumvi motoni, mara nyingi waya umelegea na umeme unaruka penye mwanya. Joto lake laweza kuwasha plastiki na mbao zilizo karibu. Hapo kijiti kiwekwe kando, swichi kuu izimwe, na fundi wa umeme aitwe siku hiyo hiyo.